Naomba ushauri: hesabu za kidato cha pili zinatutoa jasho

Habari zenu wakuu. Niko Uyole, Mbeya. Binti yangu yuko kidato cha pili, aljebra inamsumbua, hasa kutafuta vigawo, yaani kuandika hesabu kama mabano mawili yanayozidishana. Ukimpa x² + 5x + 6, fasta tu: 2 na 3, kamaliza. Ikija 2x² + 7x + 3, anatafuta namba mbili zikizidishwa ziwe 3 na zikijumlishwa ziwe 7, hazipatikani, anafunga daftari. Kaka yake kamwambia azidishe kwanza 2 kwa 3, apate 6, ndipo achukue 6 na 1. Jibu linatoka, ila kwa nini tunazidisha hajui kueleza, na huyu mtoto hakubali kukariri (kwa hilo simlaumu). Tuisheni za Mwanjelwa ni mbali, na kurudi usiku na baridi hii sitaki. Mwenye njia ya kumwelewesha, au anayemjua mwalimu wa huku Uyole anayefundisha wachache wachache, anisaidie.