Dawa za VVU zijaribiwe kutibu saratani? Na nani alipe?

Wakuu, kuna hoja imetolewa humu kwamba kujaribu ARV kama tiba ya saratani ni kuchoma hela, eti dawa ya ugonjwa huu haiwezi kutibu ule. Napinga. AZT yenyewe, mojawapo ya ARV za mwanzo, ilibuniwa Marekani mwaka 1964 kwa ajili ya saratani, ikagonga mwamba kwa panya, ikawekwa kando. Iliidhinishwa kwa VVU mwaka 1987.

Karibu zaidi ni Nairobi. Watafiti wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Manchester walitumia vidonge vya lopinavir na ritonavir, ambazo ni ARV, kwa wanawake ambao seli za mlango wa kizazi zilishaanza kubadilika kuelekea saratani. Havikumezwa, viliwekwa ukeni kwa wiki mbili. Wengi walipata nafuu. Tatizo: hakukuwa na kundi la kulinganisha, na mabadiliko mepesi ya aina hiyo mara nyingi huondoka yenyewe. Kwa hiyo linatakiwa jaribio kubwa, na hapo ndipo penye kazi. Kampuni gani itamwaga mabilioni kwa kidonge cha zamani ambacho kila kiwanda kinakitengeneza? Nasema serikali zetu zichangie.

JIBU: Mkuu, taratibu. Marekani walijaribu lamivudine, ARV nyingine, kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa: ugonjwa ulitulia kwa wagonjwa 9 kati ya 32. Kutulia siyo kupona. Tanzania tunachanja wasichana dhidi ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, tangu 2018. Hela ikiwa kiduchu, mimi naipeleka kwenye chanjo na upimaji.

MLETA MADA: Hapo kwenye lamivudine sibishani. Ila chanjo inamkinga binti. Mama yake ambaye seli zimeshabadilika haimtibu. Huyo akiambiwa aende hospitali ya rufaa kwa matibabu, nauli tu inamshinda, na kidonge cha kuweka mwenyewe nyumbani kingemfaa sana kikithibitishwa.

Kikithibitishwa, jamani. Msianze kuomba ARV za jirani. Asiyejua hali yake akimeza lamivudine peke yake, kumbe ana VVU, virusi vinaizoea mapema, na siku ya kuanza tiba kamili dawa hiyo inakuwa imeshapungua makali.

Wenye kuzijua bajeti za wizara: jaribio la namna hii liombewe fungu la utafiti au la saratani?