WATOTO NA WAJUKUU WA BI MWANAKHERI

Dada Tatu 06:12
Asalaam alaykum. Jana nilimsindikiza Ma'mdogo Saumu kliniki. Uvimbe wa titi uliokuwa umenywea umeanza kukua tena. Ile dawa nyekundu imegoma, wanambadilishia. Jumanne saa 12 asubuhi anatakiwa hospitali ya saratani, Ocean Road. Nataka gari na mchango. Nani?

Dada Tatu 09:40
Mmesoma wote, naona tiki za bluu.

Juma 09:41
👍

Dada Tatu 09:41
Hiyo ya gari au ya hela?

Juma 09:43
Ya salamu 😂

Mjomba Kassim 10:05
Mwili umeshaizoea dawa. Nilisema tangu Ramadhani, asingeruka ile dripu tusingefika huku.

Dada Tatu 10:06
Aliiruka kwa sababu hela za Mkuranga hazikufika. Zilipoishia unapajua.

Mjomba Kassim 10:06
Usinianze na Mkuranga.

Salma 13:20
Nilikuwa zamu, shikamooni. Mjomba, mwili haujazoea kitu. Ni seli za saratani zenyewe. Uvimbe mmoja una seli mamilioni na hazifanani. Dripu za mwanzo zinaua nyingi, tunafurahi. Zile chache sugu zinabaki, zinazaana, na uvimbe unaorudi ni uzao wao. Nyingine zinajifunzia usugu humohumo kwenye dawa.

Salma 13:24
Zipo zenye pampu kwenye ngozi ya seli: dawa ikiingia inatemwa nje. Waliigundua Toronto 1976, kwenye seli za mnyama wa jamii ya panya. Nyingine dawa ikizikata DNA zinaiunga upesi. Kuruka dripu si vizuri, ila hata asiyeruka hata moja humtokea.

Juma 13:25
Pampu? Aitwe fundi Rajabu wa kisima 😂

Rukia 13:26
Huyo si ndiye aliyekula hela ya mota 🤣

Mwinyi 13:30
Mechi leo saa ngapi?

Dada Tatu 13:31
GARI jamani. Salma, hiyo mpya itafanya kazi?

Salma 13:38
Inaweza. Nyekundu inang'ang'ania DNA, hii paklitakseli inazuia seli isigawanyike. Lakini pampu ileile huweza kuitema na hii, ndiyo maana watampima tena baada ya saiko (mizunguko ya dripu) kadhaa.

Mjomba Kassim 14:02
Kuna mzee Tandika ana majani yake.

Salma 14:09
Mjomba, hata vinkristini, dawa nyingine ya saratani, imetoka kwenye ua la Madagaska, na pampu inaitema vilevile. Majani yanaweza kugombana na dripu. Asinywe chochote daktari hajui, tafadhali.

Bibi 16:50
🎤 0:52

Dada Tatu 17:01
Kwa ambao hamjafungua sauti. Bibi anasema: asimfikie Saumu mtu yeyote na habari ya kuruka dripu. Ugonjwa hakuuita. Na Kassim, hela za Mkuranga ziwe mkononi kwake kabla ya Jumanne.

Mjomba Kassim 18:33
Nimesikia, Mama.

Rukia 20:15
Mimi natuma 30,000 mwisho wa mwezi.

Dada Tatu 20:16
Dripu ni Jumanne, Rukia.

Juma 21:40
Gari langu liko gereji. Likitoka Jumatatu nampeleka.

Dada Tatu 21:41
Lisipotoka?

Dada Tatu 22:10
Juma?

Mwinyi 23:47
Ndiyo naona sasa hivi. Jumanne hii au ijayo?