Baba ana presha na ameletewa poda ya "naitriki oksaidi", naombeni ushauri kabla hajaifungua

MtotoWaLangoni: Assalam aleikum wadau. Niko Lamu, mzee wangu kapita sabini, ana presha na kifua humbana akipanda ngazi za hapa nyumbani (wenye nyumba za kizamani mwazijua ngazi zetu), daktari kampa amlodipini ya kila siku na vile vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kikishika. Sasa shemeji kaja juzi kutoka Malindi na mkebe wa poda nyekundu, aliyemuuzia kamwambia ni naitriki oksaidi, yafungua mishipa, yarudisha kumbukumbu na nguvu za ujana, eti mzee aachane na vidonge. Na kweli mzee siku hizi yuwasahau, huuliza jambo baada ya swala akaliuliza tena kwenye chai, kwa hivyo ameshaitamani. Nyuma wameandika arginini na bitiruti. Ni kweli ama ni biashara tu?

Kijana_wa_Shela: Si ndio ile gesi ya kuchekesha ya daktari wa meno 😂 mpe mzee acheke

Tabibu_Pwani: Hapana shekhe, ile ni naitrasi oksaidi, kitu chengine kabisa. Hii naitriki nayo ni gesi, ila twaitengeneza wenyewe, utando wa ndani ya mishipa huitoa kwenye arginini (kijenzi cha protini), hukaa sekunde chache tu, hulegeza misuli ya mshipa, mshipa ukatanuka presha ikashuka. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa tuzo ya Nobeli 1998 kwa kuyagundua hayo. Umri, sigara na sukari huuchosha ule utando, gesi ikapungua. Sasa sikiza, vile vya chini ya ulimi kama ni naitroglisirini navyo vyatoa gesi hiyo hiyo, kwa hivyo mzee tayari anayo ya hospitali, iliyopimwa. Kilichonishtua mimi ni hilo neno "nguvu za ujana". Poda za ahadi hizo zimekamatwa mara nyingi zina sildenafili (ile dawa ya Viagra) ndani na haikuandikwa popote, na sildenafili ikikutana na naitroglisirini presha huporomoka mtu akafa. Asionje hata kijiko.

BintiMaweni: Daktari na hiyo arginini peke yake je, si ni chakula tu, iko kwa njugu na samaki

Tabibu_Pwani: Kwa chakula haina neno. Lakini Marekani waliwapa vidonge vyake watu waliotoka kupata shtuko la moyo, waliopewa wakafa 6, waliopewa dawa ya bandia hakufa hata mmoja, utafiti ukasimamishwa, matokeo yakatoka 2006. Na hiyo ya kumbukumbu ndio uongo mkubwa zaidi. Ubongo waihitaji gesi hii kidogo ili seli ziwasiliane, ikizidi penye uvimbe hushikana na oksijeni kali ikawa peroksinaitraiti, na hiyo huunguza seli, alama zake zimeonekana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Kuongeza tu si dawa. Kusahau kwake kupimwe kivyake, pengine ni presha yenyewe.

MamaWaKisumuNdogo: Mimi niko Malindi, juisi ya bitiruti nanywa na presha ilishuka kiasi ila vidonge sijaacha. Mwambie tu mkojo utakuwa mwekundu, mimi nilipiga kelele chooni nikidhani ni damu 😅 Mchicha pia una naitreti kama bitiruti, ndiyo mwili huigeuza ikawa gesi hiyo, na ni bei rahisi. Na asisukutue na ile dawa kali ya mdomo kila siku, bakteria wa ulimini ndio waanzao kuigeuza hiyo naitreti.

Tabibu_Pwani: Sawa kabisa mama. Ila kama figo zina shida aulize kwanza, bitiruti ina potasiamu nyingi.

MtotoWaLangoni: Allah awalipe. Mkebe nimeuficha, shemeji kanuna anataka pesa zake lakini bora anune. Swali la mwisho, vile vya ulimi mzee huvifunga kwa karatasi akaviweka mfuko wa kanzu, akivitumia siku hizi asema havimuwashi tena ulimi kama zamani?

Tabibu_Pwani: Kumbe! Naitroglisirini haipendi joto, hewa wala mwanga, hivyo huenda vimeshakufa nguvu. Nenda leo ukachukue vipya, vikae kwenye chupa yake ya kioo kifuniko kimekazwa. Kifua kikimshika akae kitako aweke kimoja, dakika tano zikipita hajapata nafuu msingoje asubuhi, mwahisheni hospitali hata kama ni usiku wa manane.