MREJESHO: Nyanya za kwenye ndoo zilizokuwa zinaoza kitako

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu nyanya za kwenye ndoo za lita 20 zinazotoka doa jeusi lililobonyea chini ya tunda. Aliyesema si ugonjwa bali ni maji ya kusuasua, alipatia. Badala ya kulowesha kila siku ya tatu, sasa naweka lita 2 kila asubuhi, matandazo ya nyasi kavu sentimita 5, na mbolea ya urea nimesitisha. Matunda yaliyofunga baada ya hapo ni safi. Yaliyokwisha oza hayaponi, nimeyachuma. Maganda ya mayai niliyofukia ili yaongeze kalsiamu? Wiki ya sita hii, bado naokota vipande vizima udongoni. Mche mmoja umekufa: matundu ya ndoo yaliziba, maji yakatuama, mizizi ikaoza.