Naomba ushauri: niongeze muda wa mafunzo kazini au niombe mkataba?

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Nilihitimu shahada ya kwanza mwaka jana, na kwa miezi 6 sasa nimekuwa katika mafunzo kazini kwenye shirika kubwa la misaada, kitengo cha ufuatiliaji na tathmini, nikilipwa nauli tu. Kazi yenyewe naipenda mno. Naingiza fomu za walengwa kwenye kompyuta, na ipo siku nilishika fomu ambayo mama alikuwa amefuta umri wa mwanawe mara mbili na kuuandika upya, kalamu ikakaribia kutoboa karatasi. Tangu hapo siwezi kuingiza tarakimu kwa haraka haraka.

Ofisa niliyekuwa chini yake alipoondoka, ripoti ya robo mwaka inayokwenda kwa mfadhili ikawa naiandaa mimi, ingawa anayetia saini ni mwingine. Sasa msimamizi wangu, ambaye kwa kweli amenifundisha mengi, ameniomba niongeze miezi 3 kwa masharti yale yale, akisema bajeti ya mradi haina fungu la mshahara mpya.

Je, nimwombe kwa maandishi mkataba wa muda mfupi, au nichukue barua ya mapendekezo nikatafute ajira kwingine? Mliopitia hali hii, naomba mnieleze mlivyolianzisha jambo hilo bila kuharibu uhusiano.