Nimehamishia Windows kwenye diski mpya na kompyuta haiwaki: naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Bint_Limbani (Jumatano, saa 2:10 usiku)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaandika kutoka Wete, Pemba, na nimekwama mahali ambapo sioni mbele wala nyuma.

Nina laptopu ya mwaka 2019 yenye Windows 10. Diski yake ya GB 500, ile ya kuzunguka, ilikuwa imechoka kiasi kwamba mtu huiwasha, akachemsha chai, akainywa, na kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo. Nikanunua SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 240, nikaitia kwenye kasha la USB, nikatumia programu ya kunakili diski, na baada ya saa mbili na kitu ikaniambia kwamba kazi imekamilika bila ya kosa lolote. Nikafungua laptopu, nikaitoa diski ya zamani na kuifunga mpya. Tangu hapo ninachokiona ni kioo cheusi chenye maneno meupe, "BOOTMGR is missing", na chini yake agizo la kubonyeza vitufe vitatu ili mashine iwake upya. Nikivibonyeza hurudi palepale.

Swali langu ni moja: nikiweka Windows upya juu ya diski hii, mafaili yangu yatabaki? Ninaihitaji mashine iwe tayari Jumamosi.

FundiWaMkoani (saa 2:34 usiku)

Waalaykum salaam, dada. Kabla ya kuweka chochote upya, nijibu mambo mawili. Wakati wa kunakili, ulichagua diski nzima au ulichagua C peke yake? La pili, ukiirudisha diski ya zamani, laptopu inawaka kama kawaida? Kama inawaka, huna haja ya kuhangaika hata dakika moja, kwa sababu tutanakili tena kwa utaratibu ulio sawa.

Ngalawa71 (saa 2:51 usiku)

Pole sana. Mimi yalinifika kama hayo mwaka juzi nikiwa Chake Chake, ila yangu ilikuwa Ubuntu, aina ya Linux. Nilihamisha patisheni, yaani vipande vya diski, moja moja kwa mkono, nikawasha, nikakuta neno "grub rescue" na alama ya kusubiri amri. Kumbe nilipounda patisheni mpya, namba yake ya utambulisho, ile UUID, ilibadilika, na GRUB, programu inayoiamsha Linux, ikawa inaitafuta namba ya zamani ambayo haipo tena. Niliwasha kwa flashi, nikaiweka GRUB upya, nikairekebisha namba ndani ya faili la fstab linaloorodhesha patisheni, na siku ile ile nikaendelea na kazi zangu. Ushauri wangu ni kuhamia Linux kabisa, kwa kuwa mambo yake yote yako wazi na mtu anaweza kuyasoma.

MzeeWaMachomane (saa 3:05 usiku)

Wanangu, mnamjibu aliyeungua kwa kumweleza aina za kuni. Mtu hafungui mashine yenye kazi za watu kabla hajaweka nakala mahali pa pili, na nakala iliyo ndani ya mashine ile ile haihesabiwi kuwa nakala. Sisi katika zama za madaftari ya mkono tulikuwa na daftari la ofisini na daftari la sandukuni, na mvua ya masika ilipopita kwenye paa la ofisi, la sandukuni lilituokoa. Binti, mafaili hayo ni yako au ni amana ya watu?

Bint_Limbani (saa 3:22 usiku)

Ahsanteni. Nilichagua C peke yake, kwa sababu diski mpya ni ndogo kuliko ya zamani na zile patisheni nyengine zilikuwa ndogo ndogo, hazina hata jina, nikaona hazina kazi. Vitu vyangu vyote vilikuwa ndani ya C na havikuzidi GB 110.

Diski ya zamani haipo karibu. Isitoshe, nimeshazungumza na fundi mmoja hapa mjini, atakuja Jumamosi asubuhi kuweka Windows mpya, na nimeshamlipa nusu. Naona hiyo ndiyo njia fupi. Ninachotaka ni kuhakikishiwa tu kwamba mafaili hayatapotea.

FundiWaMkoani (saa 3:40 usiku)

Dada, moja ya zile ndogo zisizo na jina ndiyo iliyokuwa mlango wa nyumba. Windows 10 ikiwekwa kwenye kompyuta ya UEFI (njia mpya ya kuwasha) na diski ya mpangilio wa GPT (namna mpya ya kuigawa diski), huunda patisheni ya EFI, kwa kawaida ya MB 100, yenye mfumo wa mafaili wa FAT32. Humo ndimo inamokaa butiloda, programu inayoiamsha Windows, pamoja na orodha iitwayo BCD inayoieleza butiloda kwamba Windows iko kwenye diski ipi na patisheni ipi. Pembeni yake kuna patisheni ya MB 16 isiyoonekana na ile ya uokoaji. Wewe umehamisha vyombo vyote, vitanda na makabati, ukauacha mlango kwenye nyumba ya zamani. Windows yako ni nzima, ila hakuna wa kuiamsha.

Kwa hiyo nauliza tena: diski ya zamani haipo karibu, ipo wapi?

Kijana_wa_Darajani (saa 3:48 usiku)

Mbona ni kazi ya dakika tano? Washa kwa flashi ya Windows, ingia kwenye dirisha jeusi la amri, andika bootrec /fixmbr, kisha bootrec /fixboot, kisha bootrec /rebuildbcd. Nimeshawafanyia watu wengi hapa mjini Unguja.

FundiWaMkoani (saa 3:59 usiku)

Kaka, amri ya pili huandika upya msimbo wa mwanzo wa patisheni, na msimbo huo ndio unaomwandikia dada yale maneno meupe. Kwa hiyo upo na unafanya kazi. Kilichopotea ni faili la BOOTMGR ambalo msimbo unalitafuta, na amri hiyo haileti faili hilo. Kwenye mashine nyingi za UEFI, amri hiyo hiyo huishia kukujibu kwamba umenyimwa ruhusa.

MwalimuWaFizikia (saa 4:15 usiku)

Samahanini, mimi nina shaka na kisa chenyewe. Maneno "BOOTMGR is missing" yamehifadhiwa ndani ya msimbo wa mwanzo wa patisheni ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, na hayatokei ila pale kompyuta inapowaka kwa njia ya zamani ya BIOS, kutoka kwenye diski ya mpangilio wa zamani wa MBR. Kompyuta inayowaka kwa UEFI haiusomi msimbo huo hata kidogo. Hulitafuta faili la .efi ndani ya patisheni ya FAT32, na isipolipata husema kwamba hakuna diski ya kuwashia. Sasa mwenzetu anatueleza laptopu ya 2019, patisheni ndogo ndogo zisizo na jina ambazo ni dalili ya GPT na UEFI, kisha anatuletea ujumbe wa njia ya zamani. Ukiongeza na hii diski ambayo haipo karibu na haisemwi ilipo, nahisi tunasomewa visa viwili vilivyoshonwa pamoja ili watu wabishane usiku kucha.

Ngalawa71 (saa 4:21 usiku)

Nami nilijiuliza hilo hilo, ila niliona haya kusema. Hata jina hili sikumbuki kuliona humu kabla ya leo.

MzeeWaMachomane (saa 4:30 usiku)

Msimhukumu mtu kwa ujumbe wa kwenye kioo. Lakini binti, swali langu hukulijibu.

Bint_Limbani (saa 5:02 usiku)

Sikutunga. Nilificha, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Laptopu si yangu. Ni ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na mimi ndiye katibu. Baadhi ya wanachama wanapita humu, ndiyo sababu nikafungua jina jipya na nikasema mafaili ni yangu. Jumamosi ni siku ya mgao. Hesabu zote za hisa na mikopo zimo ndani ya programu ya hesabu ambayo aliyetuwekea amesharudi bara, na hatuna CD yake wala namba ya usajili. Kwa hiyo hata mafaili yakibaki, Windows ikiwa mpya sitakuwa na cha kuyafungulia. Hili nilikuwa nalijua tangu mwanzo, na wallahi ndilo linaloninyima usingizi.

Diski ya zamani nimeiuza. Programu iliponiambia kazi imekamilika nililiamini neno lake, nikaifomati diski ile jioni hiyo hiyo na kumpa mtu aliyekuwa anaondoka kwa boti ya asubuhi. Nilitaka kufidia bei ya SSD ili nisiuguse mfuko wa kikundi.

Ama huo ujumbe, mwalimu, umesema kweli. Mara ya kwanza haukuwa huo. Kioo kiliandika kwamba hakuna diski ya kuwashia. Kijana mmoja wa dukani akanielekeza niingie kwenye mipangilio na kubadilisha UEFI kuwa Legacy, yaani ile njia ya zamani, na nilipobadilisha ndipo yakaja haya ya BOOTMGR. Sasa hivi nimewasha kwa flashi niliyotengenezea kwa jirani, nikaandika diskpart na list disk, amri za kuorodhesha diski. Diski namba 0 imeandikwa GB 223, na kwenye safu ya mwisho, ile ya Gpt, pana nafasi tupu bila ya nyota.

MwalimuWaFizikia (saa 5:10 usiku)

Basi kila kitu kimekaa mahali pake. Nyota isipokuwepo, diski ni MBR, na GB 223 ndivyo Windows inavyoihesabu diski ya GB 240. Nakuomba radhi, dada yangu, na nakuomba mbele ya wote walionisoma.

FundiWaMkoani (saa 5:31 usiku)

Nami nakushukuru kwa kusema. Sasa sikiliza, maana hii SSD ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani.

Jambo la kwanza ni huyo fundi wa Jumamosi. Akiwasha flashi yake kwa UEFI, programu ya kuweka Windows itamkatalia na kumwambia kwamba diski ina mpangilio wa MBR. Njia ya mkato ambayo wengi wetu huifuata hapo ni kufuta patisheni zote na kuanza upya. Hatakuwa na nia mbaya, ila hajui kilichomo. Na hata akiwasha kwa Legacy na kuweka Windows juu ya patisheni hiyo bila ya kuifomati, mafaili yako yatahamishiwa kwenye folda ya Windows.old, lakini programu ya hesabu haitafanya kazi tena. Mpigie simu umzuie.

La pili, kesho itoe SSD, itie kwenye kasha, ichomeke kwa jirani, na unakili folda ya Users pamoja na folda ya programu ya hesabu kwenye diski nyengine. Usiandike amri yoyote kabla ya hapo.

La tatu ndiyo dawa. Irudishe SSD, acha mipangilio kwenye Legacy kama ilivyo, washa kwa flashi, na ukifika kwenye ukurasa wa kuchagua lugha bonyeza Shift na F10. Dirisha jeusi litafunguka. Humo herufi za diski hubadilika, kwa hiyo usiamini kwamba Windows iko C. Andika dir C: kisha dir D: mpaka uione folda ya Windows. Tuseme iko C, utaandika hivi:

bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS

Amri hii huchukua mafaili ya kuwashia kutoka ndani ya Windows yako yenyewe, ikayaweka mwanzoni mwa patisheni na kuunda BCD mpya. Patisheni tayari ni hai, yaani ina alama ya kuwashia, la sivyo usingeyaona yale maneno ya BOOTMGR.

Kijana_wa_Darajani (saa 5:44 usiku)

Kwa nini asiibadilishe moja kwa moja kuwa GPT kwa amri ya mbr2gpt? Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka UEFI. Atalazimika tu.

FundiWaMkoani (saa 5:52 usiku)

Atalazimika, lakini si leo. mbr2gpt hukagua kwanza kama kuna BCD inayoielekea Windows, na yeye hana BCD yoyote, kwa hiyo itamkatalia. Kwanza iwake kwa njia ya zamani, kisha ndipo ibadilishwe.

Bint_Limbani (saa 6:03 usiku)

Nimeelewa, lakini nikimzuia fundi nitapoteza nusu niliyomlipa, na pesa hiyo ilitoka mfukoni mwangu. Hakuna namna afanye yeye hayo hayo?

MzeeWaMachomane (saa 6:09 usiku)

Binti, nusu yako ni yako. Hesabu ni za watu.

Bint_Limbani (Alhamisi, saa 1:47 usiku)

Alhamdulillahi. Asubuhi nilinakili folda zote mbili kwa jirani, na ilichukua karibu saa nzima. Baada ya Alasiri nikairudisha SSD na kuwasha kwa flashi. Shift na F10 hazikufanya chochote mpaka nilipoongeza kitufe cha Fn. C ilikuwa ni flashi yenyewe, na folda ya Windows niliikuta D, kwa hiyo pote palipokuwa na C nikaandika D. Mkono ulikuwa unatetemeka, nikaisoma amri herufi kwa herufi mara tatu kabla ya kuibonyeza. Ukaja mstari mmoja wa kusema kwamba mafaili ya kuwashia yameundwa.

Nikachomoa flashi na kuwasha. Kioo kilikaa cheusi muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahamili, kisha ile picha yetu ya ufukwe ikatokea. Programu ya hesabu imefunguka bila ya kuuliza namba yoyote, na mstari wa mwisho ni ule nilioandika mwenyewe kabla ya kununua SSD, marejesho ya mkopo ya Sh. 35,000. Nimezichapa kurasa zote na karatasi ziko kwa mwenyekiti, ambaye nimemweleza kila kitu.

Fundi nimezungumza naye. Jumamosi atakuja baada ya mgao kusafisha feni na kubadilisha betri kwa ile nusu niliyokwishamlipa. mbr2gpt sitaigusa mpaka ninunue diski ya pili ya nakala. Nikishaipata nitarudi hapa hapa kuuliza.