Malengo ya idara ya Sayansi ya Jamii yanapangwa na watu wasioingia darasani. Tumechoka!

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Historia na Jiografia, sekondari ya serikali. Jina la shule silitaji. Nimekasirika na sitaki kuficha.

Idara yetu imeitwa kikao cha kupanga malengo ya ufundishaji. Tumefika, tumekuta malengo yameshachapwa: Historia ufaulu 100%, Jiografia 100%, Uraia 100%, kufuta sifuri, A ziongezeke mara mbili. Mkuu wa idara asaini, na sisi tusaini chini yake. Mwenzetu akauliza hizo namba zimetoka wapi, akaambiwa shule jirani nao wameandika hivyohivyo. Kikao kikafungwa.

Hebu tuangalie hiyo 100% ni kitu gani. Kwa viwango vya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kidato cha nne D ndiyo daraja la chini la kufaulu, na inaanzia alama 30. Maana yake shule nzima inaweza kufikisha ufaulu wa asilimia mia na kila mtoto awe amekosa alama 70. Halafu tunapongezana! Karatasi nzima hakuna mstari unaosema mtoto akitoka kidato cha pili awe anaweza kufanya nini. Mtaala wa 2005 ulidai ujuzi, huu ulioboreshwa wa 2023 unadai umahiri, na sisi bado tunapanga asilimia.

Kinachofuata walimu mnakijua. Kidato cha nne ni paspepa (mitihani ya miaka iliyopita) na kambi za kujisomea tangu mwaka unaanza. Kidato cha kwanza vipindi vinaliwa kwa sababu hawana mtihani wa taifa. Ramani za 1:50,000 zimefungiwa kabatini zisichakae. Mtoto anakuandikia maana ya skeli bila kukosea neno, ila mpe ramani apime barabara ya kwenda kata ya pili, hajui kwamba sentimita 2 pale ni kilomita 1. Miaka minne ya Jiografia hiyo!

Chukueni mradi wa karanga wa Waingereza hapa Tanganyika, 1947 hadi 1951. Kwenye Historia watoto wanakariri sababu za kushindwa kwake, moja hadi sita. Kwenye Jiografia wanasoma mvua na udongo, tena kwa mwalimu mwingine, muhula mwingine. Idara yenye lengo la maana ingesema hivi: kidato cha tatu wapewe takwimu za mvua ya Kongwa, mradi ulikoanzia, waelezwe udongo wake unavyokauka ukawa mgumu kiangazi, kisha waandike wenyewe kwa nini zaidi ya pauni milioni 35 zilipotea kwenye mradi huo. Hapo nitaona kama mtoto anaweza kusoma jedwali, kutafuta chanzo na kutetea hoja. Hiyo kazi walimu wawili wanaipanga mchana mmoja na haihitaji bajeti. Nililisema kikaoni, nikajibiwa tusipoteze muda wa mada.

Na lugha. Hili ndilo linaniuma kuliko yote. Wanafunzi wangu wengi wametoka msingi walikosoma kwa Kiswahili. Ukiwauliza Vita vya Majimaji kwa Kiswahili wanakusimulia kuanzia kulazimishwa kulima pamba hadi njaa iliyofuata, tena wanabishana. Kwenye insha ya mtihani, ambayo lazima aiandike kwa Kiingereza, mtoto huyohuyo anaacha karatasi nyeupe. Hiyo ndiyo sifuri mnayotaka tuifute. Inafutwaje bila lengo hata moja la kumfundisha kuandika aya? Mwalimu wa Historia akitumia kipindi kufundisha aya anaulizwa mada amefika wapi kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka.

Tunachotaka si kikubwa. Tukae na karatasi za majibu za mtihani wa muhula uliopita, tuone watoto wamekwama wapi, tuchague vitu vichache kwa kila kidato na tuandike tutavipima lini. Asilimia zije baadaye. Na anayetaka tusaini lengo aingie kwanza kwenye darasa la watoto zaidi ya 80 wenye vitabu vichache vya kuhesabika.

Walimu mlioko kwenye idara zinazopanga malengo kwa kuanzia na kazi za wanafunzi, naomba mnieleze fomu yenu imekaaje na mlimshawishije mkuu wa shule. Nataka kuipeleka kikao kijacho. Ile karatasi sijaisaini, na sitaisaini.